Bangi ya Dawa: Kura ni ya Mgonjwa, Haihamishiki kwa Mgombea

Mwezi Julai 2014, Chuo Kikuu cha Quinnipiac kiliwauliza wapigakura wa jimbo la Florida, nchini Marekani, iwapo wangekubali watu wazima watumie bangi kama dawa endapo daktari angewaandikia. Asilimia 88 walikubali. Ni nadra sana kwa wananchi wa jimbo lililogawanyika kisiasa kama Florida kukubaliana kwa kiwango hicho juu ya jambo lolote. Lakini ilipofika Novemba mwaka huohuo, wapigakura wa jimbo lilelile walipopewa pendekezo la kuiingiza ruhusa hiyo katika katiba yao, waliounga mkono walikuwa asilimia 57.6. Katiba ya Florida haibadilishwi ila kwa asilimia 60, kwa hiyo pendekezo likaanguka.

Pengo hilo la takriban pointi thelathini, kati ya maoni yaliyotolewa kwa simu na kura iliyopigwa kituoni, ningependa lisomwe kwa makini na wanasiasa na wanaharakati wa Afrika Mashariki, ambako suala la bangi ya dawa limeanza kusikika bungeni, mahakamani na kwenye majukwaa ya kampeni. Ninachokiona katika kumbukumbu za miaka hii ni kwamba umma, pale unapoulizwa kwa uangalifu, huwa tayari kumruhusu mgonjwa apate dawa. Lakini ridhaa hiyo ina masharti, na mwenye ridhaa hiyo ni mgonjwa. Mwanasiasa anayedhani anaweza kuichukua na kuiweka katika kapu la kura zake huambulia patupu, na mara nyingi mgonjwa ndiye anayelipia kosa hilo.

Tuangalie kwanza kilichobadilika Florida kati ya Julai na Novemba 2014. Pendekezo lenyewe, lililoitwa Marekebisho Namba 2, lilitaja maradhi kwa majina: saratani, glakoma, virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya C, ALS (maradhi ya kunyauka kwa misuli), ugonjwa wa Crohn, Parkinson na mengine. Hapo hapakuwa na ubishi mkubwa. Ubishi ulizuka kwenye maneno yaliyofuata orodha hiyo, ambayo yalimpa daktari uhuru wa kuidhinisha bangi kwa hali nyingine yoyote ikiwa anaamini kuwa manufaa yake yatazidi madhara. Wapinzani, wakiwemo masherifu wa jimbo na bilionea wa biashara ya kasino Sheldon Adelson, aliyetoa zaidi ya dola milioni 5 kupinga hoja hiyo, walilishikilia neno hilo moja kuanzia mwanzo wa kampeni hadi mwisho. Waliuliza kama kijana mwenye maumivu ya mgongo naye ataandikiwa. Waliuliza kama mwanafunzi ataweza kuipata bila mzazi wake kujua, na kama mtu aliyewahi kufungwa kwa kuuza mihadarati ataweza kusajiliwa kuwa mlezi wa mgonjwa na kubeba dawa kwa niaba yake.

Maswali hayo yalikuwa ya kisiasa, lakini hayakuwa ya kipuuzi. Mwananchi aliyesema ndiyo kwa mtafiti wa maoni alikuwa akimfikiria mama yake anayetapika baada ya tiba ya kemikali. Mwananchi huyohuyo, aliposimama mbele ya karatasi ya kura, alitakiwa aidhinishe mfumo mzima: nani ataandika, nani atauza, nani atabeba, na kwa maradhi gani. Kumhurumia mgonjwa ni jambo moja na kuuamini mfumo ni jingine.

Mambo yaliharibika zaidi pale mfadhili mkuu wa hoja hiyo, wakili John Morgan, ambaye mara kwa mara alieleza kwamba alisukumwa na maradhi ya watu wa familia yake, akiwemo ndugu yake aliyepooza tangu ujanani, alipopigwa picha za video akihutubia vijana ndani ya baa kwa lugha ya matusi. Wapinzani waliitumia video hiyo kadiri walivyoweza. Katika fikra za wapigakura wengi, hasa wazee ambao Florida imejaa wastaafu wa aina hiyo, mgonjwa aliondoka kwenye picha na nafasi yake ikachukuliwa na umati wa baa.

Miaka miwili baadaye pendekezo lilirudi. Safari hii waandishi wake walikuwa wamesoma. Badala ya hali nyingine yoyote, maandishi mapya yalitaka maradhi mengine yawe ya aina moja na yale yaliyotajwa au yanayolingana nayo kwa uzito. Yalitaka idhini ya mzazi kwa maandishi kwa mgonjwa aliye mtoto. Yalieleza waziwazi mipaka ya walezi. Hata kichwa chake kilibadilika, kikazungumzia maradhi yanayomdhoofisha mtu. Novemba 2016 pendekezo hilo lilipata asilimia 71.3. Ni kweli kwamba uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa wa urais, na uchaguzi wa urais nchini Marekani huwavuta vijana wengi zaidi vituoni. Hata hivyo, ongezeko la karibu pointi kumi na nne haliwezi kuelezwa kwa idadi ya vijana pekee. Watu waliokuwa na mashaka walipewa majibu ya mashaka yao, wakabadilisha kura.

Ipo takwimu nyingine inayosaidia kulielewa jambo hili. Taasisi ya Pew ilipowauliza Wamarekani mwezi Januari 2024, asilimia 57 walisema bangi iwe halali kwa dawa na kwa starehe, asilimia 32 walisema iwe halali kwa dawa tu, na asilimia 11 walisema isiwe halali kabisa. Waandishi wa habari hupenda kujumlisha makundi mawili ya kwanza na kutangaza kwamba karibu watu tisa kati ya kumi wanaiunga mkono bangi. Kujumlisha namna hiyo kunalificha kundi muhimu kuliko yote, yaani hiyo theluthi ya katikati. Hawa ni watu waliokwisha kutenganisha dawa na starehe katika fikra zao, na wanamtaka mtunga sheria naye azitenganishe. Akizichanganya, wanahama. Oklahoma ni mfano ulio karibu: Juni 2018 wapigakura wa jimbo hilo la kihafidhina waliihalalisha bangi ya dawa kwa takriban asilimia 57, chini ya sheria ambayo haikuweka hata orodha ya maradhi. Maduka ya kuuza bangi yakamea kila kona, hadi kupita 2,000. Machi 2023, walipoulizwa kama wanataka na ya starehe, waliikataa katika wilaya zote 77 za jimbo.

Sasa nije kwenye siasa zenyewe. Mwaka 2014 chama cha Democratic kilitarajia kwamba hoja ya bangi ingewatoa vijana majumbani na kumbeba mgombea wao wa ugavana wa Florida, Charlie Crist, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa katika kampuni ya uwakili ya Morgan. Wachambuzi wengi waliichukulia hoja hiyo kama mtego uliotegwa kwa ajili ya gavana aliyekuwa madarakani, Rick Scott wa chama cha Republican. Matokeo yalikuwa hivi: bangi ya dawa ilipata kura takriban milioni 3.37, Scott akapata milioni 2.87 na kurudi ofisini, na Crist akashindwa kwa kura zipatazo 64,000. Maana yake ni kwamba bangi ilimshinda kila mwanasiasa aliyekuwa kwenye karatasi siku hiyo, na bado haikumwokoa yule aliyeisimamia. Mamia ya maelfu ya watu waliipigia hoja kura ya ndiyo kisha wakamkataa Crist. Mwaka 2016 tofauti hiyo ilipanuka: hoja ilipata kura milioni 6.5 katika jimbo ambalo Donald Trump alilishinda kwa milioni 4.6.

Ikiwa hoja haimbebi mgombea, je, ina uzito wowote kisiasa? Inao, ila uzito wake hujitokeza baada ya uchaguzi, katika namna watawala wanavyotendewa na kumbukumbu ya kura. Bunge la Florida lilipotunga sheria ya utekelezaji mwaka 2017, lilipiga marufuku kuivuta bangi hiyo ya dawa, na kuwaachia wagonjwa mafuta, vidonge na mvuke. Mwanamke mwenye ALS, maradhi yanayonyausha misuli hadi mtu ashindwe kumeza, alisimama mahakamani kueleza kwa nini njia hizo hazimfai yeye. Jaji alikubaliana naye Mei 2018. Serikali ya Scott ikakata rufaa. Kisha Januari 2019 akaingia gavana mpya, Ron DeSantis, wa chama kilekile cha Scott, na ndani ya wiki mbili tu za kuwa ofisini akalipa bunge muda hadi katikati ya Machi liondoe marufuku hiyo, la sivyo ataiondoa rufaa mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba asilimia 71 ya wananchi walikwisha kusema. Tarehe 18 Machi 2019 alitia saini sheria mpya.

Ninalitaja tukio hilo kwa urefu kwa sababu linaonyesha jinsi maoni ya umma yanavyofanya kazi yakiachwa huru kutoka kwenye chama. Gavana wa kihafidhina hakuwa na haja ya kuwaogopa wafuasi wake, maana wengi wao walikuwa miongoni mwa hiyo asilimia 71. Lakini DeSantis huyohuyo, mwaka 2024, alizunguka jimbo zima akipinga pendekezo la kuihalalisha bangi ya starehe, licha ya kampeni iliyofadhiliwa kwa zaidi ya dola milioni 100, nyingi zikitoka kwa kampuni ya kuuza bangi, na licha ya Trump mwenyewe kutangaza kwamba angepiga kura ya ndiyo. Pendekezo lilipata asilimia 55.9 na likaanguka. Watu wa chama kimoja, jimbo moja, mmea mmoja, lakini swali lilikuwa tofauti na jibu likawa tofauti.

Kuna nchi moja inayoonekana kuipinga hoja yangu, nayo ni Thailand. Chama cha Bhumjaithai kilifanya bangi kuwa bango lake katika uchaguzi wa 2019, kikapata viti 51, na kiongozi wake, Anutin Charnvirakul, akawa waziri wa afya. Juni 2022 bangi iliondolewa katika orodha ya mihadarati. Mtu anaweza kusema kwamba hapo bangi ililipa kisiasa, na kwa kiasi fulani ni kweli, ingawa nguvu za chama hicho tangu zamani zilitokana na mitandao yake ya mikoani. Lakini tazama kilichofuata. Sheria kamili ya kusimamia biashara hiyo haikupita, maduka yakafunguliwa kila mtaa wa Bangkok, na watu wale waliokubali dawa wakajikuta wanaishi na starehe ambayo hawakuulizwa. Juni 2025 Bhumjaithai ilipojitoa katika serikali ya muungano, haikupita hata wiki mbili kabla ya wizara ya afya kutoa amri kwamba ua la bangi lisiuzwe ila kwa cheti cha daktari. Ruhusa iliyokuwa imefungwa kwenye mguu wa chama kimoja ilitoka serikalini pamoja nacho.

Kwetu, mfano usiosahaulika ni uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022. Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots, mgombea urais aliyeahidi kuihalalisha bangi, alizindua ilani yake Juni 30 jijini Nairobi, na kwa wiki kadhaa jina lake lilikuwa midomoni mwa watu kuliko la mgombea mwingine yeyote nje ya wale wawili wakubwa. Kaulimbiu yake, tingiza mti, iliimbwa kila alikopita, na vijana walimiminika barabarani kumwona akiwa juu ya gari lake. Uchunguzi wa maoni wa siku za mwisho ulimpa asilimia mbili hivi, na mwingine hata zaidi. Tume ya uchaguzi ilipotangaza matokeo Agosti 15, alikuwa na kura 61,969, sawa na asilimia 0.44. Kura zilizoharibika katika kinyang'anyiro hicho cha urais, 113,614, zilikaribia kuwa mara mbili ya zake.

Wapo waliohitimisha kutokana na matokeo hayo kwamba Wakenya wameikataa bangi. Sikubaliani nao hata kidogo. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na pombe na mihadarati, ulikadiria mwaka huohuo wa 2022 kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi. Hata tukiwaondoa walio chini ya umri wa kupiga kura, ni wazi kwamba watumiaji wenyewe wa bangi, ambao mtu angedhani ndio msingi wa chama cha namna hiyo, wengi wao hawakumpigia yeye kura. Wao nao ni wakulima, waendesha bodaboda, wapangaji na wazazi. Walipoingia kituoni walikuwa wakifikiria bei ya unga, kabila, chama na nani ana nafasi ya kushinda. Kura ya urais haikuwa swali juu ya bangi, kwa hiyo haiwezi kuwa jibu lake.

Ninachomlaumu Wajackoyah kwacho ni kitu kingine. Katika ilani yake bangi iliwekwa kwenye sura ya uchumi: ilimwe, iuzwe nje, ilipe deni la taifa. Iliwekwa pale pamoja na ufugaji wa nyoka kwa ajili ya sumu na uuzaji wa nyama ya mbwa na korodani za fisi nchini China. Bangi ya dawa, yaani dawa ya mtu mwenye saratani ya kongosho katika wadi ya hospitali ya kaunti, ilimezwa ndani ya orodha ambayo nusu ya taifa iliichukulia kama kichekesho. Kwa wafuasi wa siasa hiyo ilikuwa burudani ya msimu. Kwa watu wanaouguza wagonjwa ilikuwa hasara, kwa sababu tangu wakati huo mbunge yeyote anayefikiria kuleta hoja ya bangi ya dawa anajua kwamba ataulizwa kwanza kuhusu fisi.

Ilikuwepo njia nyingine, na iliwahi kujaribiwa. Septemba 2018 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliiandikia ofisi ya bunge akiomba asaidiwe kuandaa mswada wa kuiweka bangi chini ya udhibiti, ukiwa na nafasi ya utafiti na matibabu. Alikuwa mbunge anayeheshimika kwa kazi yake ya elimu jimboni, hakuwa mtu wa vioja, na ingawa mapendekezo yake yalikwenda mbali kuliko dawa, angalau yalikuja kwa utaratibu ambao kamati ya bunge ingeweza kuwaita wataalamu na kuupima. Okoth alifariki kwa saratani Julai 26, 2019, na mswada ukabaki bila mwenyewe. Kenya rasmi iliendelea na msimamo wake wa zamani: Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Mihadarati ilipopiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika jedwali la vitu vinavyohesabiwa kuwa hatari zaidi na vyenye manufaa haba ya tiba, Kenya ilikuwa upande wa waliopinga.

Rwanda ilichagua kutowauliza watu kabisa. Oktoba 2020 baraza la mawaziri liliidhinisha miongozo ya kilimo, usindikaji na uuzaji nje wa mimea ya tiba yenye thamani kubwa, na Juni 2021 wizara ya afya ikatoa amri ya kusimamia leseni, yenye masharti makali ya uzio, kamera na walinzi. Ni utaratibu safi kiutawala. Lakini lengo lililotangazwa ni soko la nje, kama lilivyokuwa Lesotho, nchi ya kwanza barani kutoa leseni ya aina hiyo, mwaka 2017. Serikali inapotanguliza fedha za kigeni, mwananchi hana sababu ya kuona kwamba jambo hilo linamhusu, wala hapati nafasi ya kueleza ni mipaka gani angependa iwekwe. Tanzania nayo, chini ya sheria ya 2015, inaendelea kuteketeza mashamba ya bangi katika milima ya Arumeru, na mjadala wa tiba hujitokeza bungeni mara moja moja kisha ukanyamaza. Ninaona hatari katika njia zote hizi. Siku hoja itakapoletwa kwa umma, umma utakuwa umeshazoea kuifikiria bangi kama biashara au kama uhalifu, na hautakuwa umepata hata mara moja nafasi ya kuifikiria kama dawa.

Halafu ipo Uganda, na ninaiacha hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu somo lake halihusu bangi. Tangu miaka ya 1990, kutokana na kazi iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman na shirika la Hospice Africa Uganda, nchi hiyo imekuwa ikitengeneza mofini ya kunywa kutokana na unga unaoagizwa kutoka nje. Ukimtembelea mgonjwa wa saratani anayehudumiwa nyumbani, unaweza kuiona chupa yenyewe: chupa ya plastiki ya kawaida, yenye maji yaliyotiwa rangi. Rangi ni alama ya nguvu ya dawa; ya kijani ni ile nyepesi, na zile zenye nguvu zaidi zina rangi zake, ili muuguzi na mtu wa nyumbani asiyejua kusoma wasije wakakosea dozi. Mgonjwa hatozwi senti kwa dawa hiyo. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, waruhusiwe kuiandika, kwa kuwa madaktari wa vijijini hawakutosha.

Mofini inaweza kuua kwa urahisi kuliko bangi. Ukizidisha dozi, pumzi inakatika. Inatokana na familia ileile ya heroini. Hata hivyo hakuna chama kilichoifanyia maandamano, hakuna mgombea aliyeahidi kulipa deni la taifa kwa mipopi, mimea inayotoa mofini, na hakuna kiongozi wa dini niliyemsikia akidai kwamba wauguzi wa Kampala wanawafundisha vijana ulevi. Umma wa Uganda, ambao kwa mambo mengi ya maadili ni wa kihafidhina sana, uliipokea dawa hiyo kwa sababu uliiona ikitoka kwenye mkono wa muuguzi na kuingia kwenye kinywa cha mtu aliyekuwa akilia usiku kucha. Ridhaa ilijengwa nyumba kwa nyumba kabla ya sheria kupanuliwa, na sheria ilipopanuliwa ilisema wazi nani aandike, kwa nani na kwa mafunzo gani. Hayo ndiyo maswali yaleyale yaliyowaangusha watu wa Florida mwaka 2014 na kuwapandisha mwaka 2016.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninayapuuza mashaka ya wanaopinga. Mashekhe, maaskofu na walimu wanaoonya juu ya vijana wanazungumza kutokana na wanayoyaona mitaani, na utafiti unawaunga mkono kwa sehemu: matumizi ya mapema na ya mara kwa mara ya bangi yenye THC nyingi, yaani kemikali yake inayolevya, huongeza uwezekano wa maradhi ya akili kwa baadhi ya vijana. Upande wa tiba nao ushahidi una mipaka. Jopo la Taasisi za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani, lililopitia utafiti mwingi na kutoa ripoti Januari 2017, liliona ushahidi mzito katika maeneo machache: maumivu sugu kwa watu wazima, kichefuchefu na kutapika kunakosababishwa na tiba ya saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa maradhi fulani ya mishipa ya fahamu. Kwa mambo mengine mengi yanayotangazwa na wauzaji, ushahidi ni hafifu au haupo. Anayesema bangi inatibu saratani yenyewe anamdanganya mgonjwa, na anampa mpinzani silaha.

Kwa sababu hiyo ningependa Kenya na majirani zake waanze mahali padogo penye ushahidi mkubwa. Tangu Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani imeidhinisha dawa ya maji inayotokana na CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, kwa ajili ya watoto wenye aina mbili kali za kifafa, Dravet na Lennox-Gastaut. Watoto hao huweza kupata mishtuko mingi kwa siku moja, na dawa za kawaida za kifafa huwashinda. Dawa hiyo haihitaji shamba lolote Kenya, haihitaji chama, wala haimlazimu mbunge yeyote kusimama juu ya gari. Inahitaji Bodi ya Dawa na Sumu ipokee maombi ya usajili, iyapime kama inavyopima dawa nyingine zinazodhibitiwa, na kamati ya afya ya bunge ihakikishe kwamba sheria ya mihadarati ya 1994 haimtii hofu daktari wa watoto anayeiandika. Baada ya hapo ndipo yaje ya wagonjwa wa saratani, kwa orodha ya maradhi iliyoandikwa, kwa daktari aliyesajiliwa, na kwa duka la dawa la hospitali.

Na kampuni za uchunguzi wa maoni, ambazo zitakuwa na kazi nyingi kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, zingelifanyia taifa jambo la maana kama zingeacha kuuliza iwapo bangi ihalalishwe, swali ambalo humlazimisha mtu ajibu kuhusu mambo matatu kwa neno moja. Waulizeni Wakenya swali la mtoto mwenye kifafa peke yake, la mgonjwa wa saratani peke yake, na la kijana wa mtaani peke yake, kisha muwaulize ni nani wanamwamini kuandika dawa na ni wapi wangependa iuzwe, na mchapishe kila jibu kwa idadi yake bila kuyajumlisha.